Mheshimiwa Waziri, eka tatu zinakwisha

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo,
Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.



Nakuandikia wewe na si mwenzako wa Bara, kwa sababu kilimo hakimo katika mambo ya Muungano. Hati za Muungano za Aprili 1964 zilitaja mambo 11 ya kushughulikiwa pamoja, yakiwemo ulinzi, mambo ya nje, uraia na polisi. Kilimo kilibaki Zanzibar. Ndiyo maana jamhuri moja ina mawaziri wawili wa kilimo, na ndiyo maana shamba la Mkoani au la Makunduchi likiharibika hatuna wa kumuuliza ila wewe. Huko FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwanachama ni Jamhuri ya Muungano, lakini mwenye mikarafuu mitano Wete hana waziri mwengine.

Nimesoma historia ya kiti unachokikalia, na kila nilipofika nimekutana na jambo moja. Mwenye kiti hiki huachiwa mti. Bei ya mazao ya mti huo hukaa meza nyengine, na leo hata ardhi uliposimama mti imo mikononi mwa wizara nyengine. Naandika kukuomba uvidai vyote viwili, bei na ardhi, hadharani, ukiwa bado una nafasi ya kufanya hivyo.

Karafuu ilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na wanahistoria wengi humtaja Saleh bin Haramil al-Abry kuwa ndiye aliyeipanda mwanzo, Mtoni na Kizimbani. Sultani Sayyid Said alipoona faida yake aliyachukua mashamba hayo. Huo ndio mwanzo wa mambo, Mheshimiwa: dola iliijua karafuu kama mali kabla ya kuijua kama kazi ya mtu. Mikarafuu ikaenea kwa mikono ya watumwa. Kimbunga cha Aprili 1872 kikaing'oa mingi ya Unguja na kuisaza Pemba, ambayo tangu hapo ndiyo imekuwa ikitoa sehemu kubwa ya zao hili. Utumwa ulipofutwa 1897, chini ya himaya ya Waingereza, swali la serikali lilikuwa nani atachuma. Idara ya Kilimo ilizaliwa miaka hiyo hiyo, na mmoja wa wakuu wake wa mwanzo alikuwa R. N. Lyne. Idara ilishughulika na mbegu, majaribio na mashamba ya serikali. Fedha zilikuwa forodhani, ambako ushuru wa karafuu ulikuwa robo nzima ya thamani yake, na robo hiyo ndiyo iliyoendesha nchi.

Sitakaa sana kwenye miaka ya katikati. Chama cha Wakulima wa Karafuu kilianzishwa 1927, na sheria za miaka ya 1930 zikakipa mamlaka juu ya biashara yote ya karafuu. Wafanyabiashara wa Kihindi wakasusa, India nayo ikasusia karafuu zetu mwaka 1937, na mvutano haukwisha mpaka mwaka uliofuata ulipopatikana mkataba. Bei ya mkulima mdogo wa Pemba ilikuwa inaamuliwa katika ugomvi wa watu waliokuwa mbali kabisa na jamvi lake la kuanikia.

Lakini kuna siku moja ambayo ningependa kila waziri wa kilimo aisome kabla ya kula kiapo. Tarehe 30 Julai 1951 vilitokea vile tunavyoviita Vita vya Ng'ombe. Serikali ilikuwa imeamrisha ng'ombe wachanjwe kwa lazima dhidi ya kimeta. Wakulima wa kijiji cha Kiembesamaki, ambao ardhi yao ilikuwa imeshachukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege, walikataa. Baadhi yao wakahukumiwa kifungo, watu wakaandamana kuwatoa, polisi wakapiga risasi, na roho za watu zikapotea. Watu wa kijiji hicho baadaye wakaunda chama chao cha siasa, kilichokuja kuwa Hizbu, yaani Zanzibar Nationalist Party (ZNP). Chanjo yenyewe haikuwa mbaya, kwani kimeta kinaua ng'ombe na kinaua watu. Kilichokosekana ni bwana shamba mwenye haki ya kusema juu ya ardhi. Mtu aliyenyang'anywa shamba jana hawezi kumwamini anayekuja leo na sindano kwa jina la serikali ile ile. Huo ndio ubovu wa kugawa mambo ya mkulima vipande vipande, na ulishatugharimu damu.

Mapinduzi ya Januari 1964 yakamleta waziri mpya wa kilimo, Saleh Saadalla Akida, katika baraza la kwanza la Mzee Karume. Mwezi wa Machi ardhi yote ikatangazwa kuwa ya serikali. Kuanzia 1965 ikaanza kugawiwa eka tatu tatu, na hadi miaka ya mwanzo ya 1970 zaidi ya familia elfu ishirini zilikuwa zimepata. Sisi tuliolelewa juu ya eka hizo tunajua zilivyokuwa: mtu ambaye babu yake alichuma karafuu za mwengine akawa anachuma zake. Sitaki mtu yeyote anipunguzie uzito wa jambo hilo.

Lakini tazama na upande wa pili. Mwaka 1968 likaundwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na mnunuzi wa karafuu akawa mmoja tu. Karafuu zikawa ghali sana duniani katika miaka ya 1970, na sehemu kubwa ya fedha hizo haikumfikia mchumaji wala mwenye shamba. Ilijenga majumba, skuli na hospitali, nalo ni jambo la kheri. Lakini aliyeibeba karafuu kwenda Mombasa kwa magendo alikabiliwa na adhabu ya kifo. Kisha Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa kwa ajili ya sigara zake, ikaanza kujitosheleza mwanzoni mwa miaka ya 1980, na bei ikaanguka. Watu wakaacha kupalilia. Baraza la Wawakilishi lilipoanza 1980, waziri wa kilimo akawa anasimama mbele ya wawakilishi kuulizwa kwa nini mikarafuu inakufa, ilhali bei iliyoiua haikuwa yake.

Wizara yako imebadilishwa jina mara nyingi. Imewahi kuwa na vyama vya ushirika, ikavipoteza. Ikawa Kilimo, Mifugo na Mazingira. Ikawa Kilimo na Maliasili. Uvuvi ukaingia kisha ukatoka kwenda wizara ya Uchumi wa Buluu. Mwaka 2020 ikawa Kilimo, Umwagiliaji, Maliasili na Mifugo. Katika kuhama huko kote, bei ya karafuu imebaki upande wa biashara, na shamba la eka tatu liko chini ya wenye kushughulikia ardhi na makaazi.

Naomba nikuonyeshe gharama ya jambo hili kwa karibu. Msimu ukiingia, mwenye shamba hutafuta wachumaji na kuwalipa kwa kipimo cha pishi. Mchumaji hupanda na kamba, na tawi la mkarafuu ni jepesi kuvunjika, hivyo kila mwaka watu huanguka. Jioni nyumba nzima hukaa kuchambua, karafuu huku na makonyo huku. Kisha kuanika juu ya majamvi siku kadhaa, mtu jicho lake liko mbinguni, kwani mvua ya saa moja inatosha kuzishusha daraja. Ndipo gunia liende kituoni, lipimwe na lipangwe. Mkulima anaambiwa kuwa serikali humlipa asilimia 80 ya bei ya kuuzia nje. Ni hatua kubwa kulinganisha na zamani, na walioichukua wanastahili shukrani. Lakini asilimia hiyo inahesabiwa kutoka bandarini kurudi nyuma. Hakuna anayehesabu kutoka juu ya mti kuja mbele: pishi, kamba, palizi, usafiri, na jamaa aliyevunjika mguu. Hesabu hiyo ni ya kilimo, na mabwana shamba wako ndio wanaoweza kuifanya, shehia kwa shehia.

La ardhi linanitia hofu zaidi. Shamba la eka tatu lilitolewa litumiwe, halikutolewa liuzwe. Lakini aliyepewa amekufa, na mirathi haisubiri. Chukua mtu aliyeacha mke, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Mke ana thumni, yaani sehemu moja ya nane. Kinachobaki, kila mwanamume hupata mafungu mawili na kila mwanamke fungu moja. Katika eka tatu, mke anapata robo eka na nusu ya robo, kila binti vivyo hivyo, na kila mtoto wa kiume robo tatu ya eka. Hata pale ambapo karatasi haijakatwa, wenyewe wameshagawana kwa mipaka ya minazi. Kizazi kimoja tu.

Sasa mwambie binti mwenye kipande hicho apande mkarafuu. Wizara yako inagawa miche, na miche ni mizuri, lakini mkarafuu utamtaka asubiri miaka sita, saba, hata nane kabla ya kuchuma. Hajui kama kipande kitabaki chake, na jirani ameshauza chake kwa maneno matupu na pameota matofali. Atapanda muhogo, au atauza. Nimepita njia za mashamba Unguja ambako mikarafuu na michungwa imekatwa na misingi ya nyumba imepigwa, na nimeona hayo hayo yakianza Pemba. Anayeuza simlaumu. Amebaki na kipande kisichomlisha, na hana karatasi ya kumwezesha kukikopea.

Ninachokuomba, Mheshimiwa, kinaweza kuanza bila sheria mpya. Kaa na mwenzako wa Ardhi mfanye daftari moja la eka tatu zote zilizogawiwa: zipi bado zinalimwa, zipi zimegawanywa, zipi zimejengwa. Tafuteni njia ya warithi kulimiliki shamba pamoja kwa hati moja na kugawana mavuno badala ya udongo, kila mmoja kwa fungu lake la sharia. Masheikh wetu wanaweza kuwasaidia katika hilo, na wakulima wengi watalipokea likielezwa vizuri. Kwenye karafuu, dai kiti pale bei inapopangwa, ukiwa na hesabu yako ya gharama za mkulima mkononi, na hesabu hiyo itangazwe redioni kabla ya msimu kama inavyotangazwa bei yenyewe.

Kisha, utakaposimama katika Baraza la Wawakilishi, Chukwani, kusoma bajeti ya wizara yako, tupe takwimu tatu pamoja na zile za miche na matrekta: eka ngapi kati ya zile eka tatu tatu zimebaki mashamba, gharama ya kilo moja ya karafuu mpaka kituoni ni shilingi ngapi, na mkulima amebaki na ngapi. Wawakilishi wetu watajua la kuuliza mwaka unaofuata, na sisi huku tutakuwa tunasikiliza.

Wasalaam,
Mrithi wa eka tatu, Pemba.