Mfadhili Ana Jina, Kipofu Hana

Ndugu walimu, chukueni gazeti lolote muwasomee wanafunzi wenu habari ya msaada wa viti vya magurudumu. Mtakuta jina la aliyetoa, cheo chake na hotuba yake. Aliyepokea ataitwa “kilema mmoja”, na pichani ataonekana usawa wa tumbo la mfadhili, akitabasamu kama aliyeamriwa. Na kwa kazi hiyo vyombo vyetu vya habari hujisifu!

Wapo wenzetu wanaodai kwamba kosa ni la sarufi: ati babu zetu waliwaweka kipofu, kiziwi na kiwete katika ngeli ya kiti na kisu. Hoja hiyo ni dhaifu. Kiongozi na kinyozi wana umbo hilo hilo, wala hakuna aliyelalamika. Tena twasema “kipofu amefika”, si “kimefika”. Kosa ni la mwandishi anayefuta jina la mtu na kubakiza macho yake tu. Kwa hiyo “mtu mwenye ulemavu”, ijapokuwa wahariri hunung’unikia nafasi, ni usemi wa haki: mtu ametangulia.

Kwetu Uganda, Katiba ya 1995 iliwapa watu wenye ulemavu wawakilishi wao Bungeni, nao ni 5. Je, ni lini mtangazaji aliwauliza juu ya kodi au bei ya kahawa? Huulizwa ulemavu wao, kisha hupongezwa kwa ujasiri. Ama ombaomba, ama shujaa. Katikati hapana nafasi ya mtu wa kawaida mwenye deni dukani.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2006, ambayo mahali pake pamechukuliwa na ile ya 2020, iliagiza televisheni ziweke mkalimani wa lugha ya alama au maandishi katika angalau taarifa kuu moja ya habari kila siku. Taarifa moja! Maji ya mafuriko yakiingia asubuhi, asiyesikia angoje usiku. Na mkalimani mwenyewe hubanwa katika kisanduku pembeni hata vidole havisomeki, na mara hufunikwa na tangazo la sabuni.

Wahariri hudhani lugha ya alama ni Kiingereza au Kiswahili kilichohamishiwa mikononi. La hasha! Ina sarufi yake, na ya Uganda si ile ya Kenya wala ya Tanzania. Katiba hiyo hiyo ilihimiza ikuzwe. Sisi ambao Kiswahili chetu kilifanywa lugha rasmi ya pili mwaka 2005 twaijua vyema hali ya lugha iliyoandikwa katika Katiba ikaachwa humo. Basi tunapowaandikia wahariri kudai saa zaidi za Kiswahili, barua hiyo hiyo idai mkalimani katika kila taarifa, kisanduku kinachosomeka, na jina la aliyepokea kiti, akiridhia mwenyewe kutajwa.