Tozo Ilipigiwa Hesabu ya Upande Mmoja

Ukitaka kujenga kituo cha mafuta hapa nchini, lazima kwanza ifanyike tathmini ya athari kwa mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ndiyo inayotaka hivyo, na NEMC ndio wasimamizi. Utamlipa mtaalamu, ataongea na majirani, ataandika maji machafu yatakwenda wapi na moto ukitokea itakuwaje. Bila cheti, huanzi. Sawa kabisa.

Lakini ukitaka kukata hela kwenye simu ya kila Mtanzania anayemtumia mama yake pesa ya dawa, hakuna anayekudai karatasi ya namna hiyo. Unahitaji tu "waliosema ndiyo wameshinda".

Naandika hili kwa sababu kila tukikaa kijiweni kujadili tozo, tunaishia kusema serikali haina huruma. Vijana wenzangu, mimi huruma siiombi. Nataka kuona hesabu.

Turudi 2021. Juni 10, Waziri wa Fedha alisoma bajeti na kupendekeza tozo kwenye kila muamala wa kutuma na kutoa pesa kwa simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kutegemea kiasi. Hesabu ya mapato ilikuwepo, tena ya kina: takriban shilingi trilioni 1.25 zilitarajiwa kuingia. Kwa hiyo msiniambie serikali haijui kupiga hesabu. Ilipiga, ila ya upande wake. Upande wa pili, yaani mimi na wewe tutafanya nini tukishakatwa, haukupewa nafasi.

Na sisi tulifanya nini? Dada yangu ni wakala, kibanda chake kiko karibu na stendi. Tozo ilianza Julai 15. Wiki hiyo hiyo, anasema, watu walianza kuja kuuliza tu: "Dada, nikitoa laki wanakata ngapi?" Anawaambia, wanaguna, wanaondoka. Kuna mteja wake mmoja aliyekuwa akituma hela nyumbani kila mwisho wa mwezi. Akawa anampa kondakta wa basi bahasha, na kondakta akawa anachukua chake. Dada yangu analipwa kamisheni kwa muamala. Muamala usipofanyika, anakaa na floti yake mpaka jua linazama, na kodi ya fremu iko pale pale.

Hapo ndipo hesabu ya upande mmoja inapojikwaa. Ile trilioni ilitegemea watu waendelee kutuma na kutoa kana kwamba hakuna kilichobadilika. Lakini mtu si mita ya maji. Ukimpandishia gharama, anatafuta njia nyingine. Na tukumbuke tozo ilikuwa inakula mara mbili, kwa anayetuma na kwa anayetoa, juu ya makato ya kampuni ya simu ambayo tayari yalikuwepo. Huhitaji profesa kuona kwamba pesa itarudi kwenye bahasha na chini ya godoro.

Wala hatukuwa wa kwanza. Julai 2018 Uganda walianza kukata asilimia 1 kwenye miamala ya simu. Wananchi wakapiga kelele, na kabla mwaka haujaisha ikashushwa hadi asilimia 0.5, tena kwa kutoa pesa tu. Hiyo ni miaka mitatu kabla yetu, kwa jirani tunayepakana naye. Tathmini yoyote ya maana ingeanzia ukurasa wa kwanza na Uganda: wao walifanya nini, nini kiliwarudisha nyuma, sisi tutatofautianaje.

Badala yake tathmini tuliifanya sisi, kwa mifuko yetu, huku sheria ikiendelea kurekebishwa juu yetu. Siku chache baada ya kuanza, Rais akaagiza suala liangaliwe upya. Septemba 2021 tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi 4,000, lakini hapo hapo tozo ikapelekwa na benki, kwa mfanyakazi ambaye mshahara wake umeshakatwa PAYE kabla haujamfikia. Kelele tena, Oktoba ikalegezwa tena. Julai 2023 tozo ya kutuma ikafutwa, na bajeti hiyo hiyo ikaongeza shilingi 100 kwenye kila lita ya mafuta. Miaka miwili ya kujaribu na kurudi nyuma, na wa kujaribiwa ni sisi.

Mfano mwingine, huu wa kodi ya jengo. Agosti 2021 ilihamishiwa kwenye LUKU, buku moja kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kwa mkusanyaji ni akili nyingi: huna haja ya kutuma mtu mlangoni, umeme wenyewe unadai. Ila kodi ile ni ya mwenye nyumba, na anayenunua umeme mjini mara nyingi ni mpangaji. Aliyepanga chumba na sebule Mbagala akajikuta analipia jengo ambalo si lake, kisha aende mwenyewe kumdai mwenye nyumba. Hivi nani ana ubavu huo? Ukidai buku yako utaambiwa kodi imepanda. Swali moja tu, "nani hasa ndiye atakayelipa?", lingeibua hili mapema kabla ya mita ya kwanza kukatwa.

Najua jibu lao: wadau walishirikishwa. Ni kweli, Kamati ya Bajeti huita wadau. Lakini mdau ataichambua vipi tozo ambayo muswada unasema ni kati ya 10 na 10,000, halafu jedwali lenyewe linakuja baadaye kwenye kanuni za Waziri? Na bajeti inasomwa Juni, inapita Juni, mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Huo muda hautoshi hata kuandaa harusi.

Na wataongeza kwamba tozo ilijenga vituo vya afya na madarasa. Ilijenga, na sitawaunga mkono wenzetu wanaokataa hilo. Swali ni kama ilikuwa njia nafuu kuliko nyingine zote za kupata pesa hiyo. Hilo hatukuonyeshwa.

Kenya wana sheria ya 2013 inayosema kanuni ikitarajiwa kuleta gharama kubwa kwa jamii, anayeitunga aandae kwanza taarifa ya athari: lengo, gharama na faida, na kwa nini njia nyingine hazifai. Haikuwaokoa na kila kitu. Juni 2024 vijana wa Nairobi walilazimika kuingia barabarani kwa sababu ya Muswada wa Fedha. Lakini inapokuwepo sheria, kuna pa kushika. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma kwa sababu tathmini ya athari kwa taarifa binafsi za watu haikufanyika kwanza. Raia alikuwa na kifungu mkononi. Sisi Julai ile tulikuwa na hashtagi.

Sasa tujiangalie wenyewe, na hapa najua baadhi ya wakubwa hawatafurahi. Chama chetu kimeahidi mangapi jukwaani bila kuonyesha hesabu? Tunasema tutafuta hiki, tutapunguza kile, watu wanapiga makofi, tunashuka. Nikiulizwa mtaani pengo litazibwa na nini, mimi kama mhamasishaji sina jibu, nabadilisha mada.

Kwa hiyo kwenye kikao cha vijana cha kata yetu nitapeleka hoja mbili. Ya kwanza, wabunge wetu wadai muswada wowote wa kodi au tozo uje na taarifa ya athari iliyochapishwa kwa Kiswahili, jedwali la viwango likiwa ndani, kabla ya wadau kuitwa. Ya pili, kila ahadi ya kodi kwenye ilani yetu ijayo iandikwe na hesabu yake pembeni: nani atalipa, nani atapona, pengo litazibwa na nini. Hoja ya pili ikikataliwa, nitaomba sababu ziandikwe kwenye muhtasari.