Tuwafunze Wanafunzi Kupima Mapigo ya Moyo

Majuma machache yaliyopita nilimzuru rafiki yangu, muuza mitumba wa Gikomba, aliyekuwa amerejea kazini baada ya upasuaji wa moyo. Nilimkuta ameketi juu ya robota akiwaita wateja. Nilipomuuliza kuhusu dawa, alicheka. "Mwalimu, zilikwisha zamani. Mshipa umeshatengenezwa, za nini tena?"

Jibu hilo lilinitia hofu. Katika upasuaji huo daktari huchukua mshipa, aghalabu wa mguuni au wa kifuani, akaupachika ili damu ipite kando ya palipoziba. Damu hupita, naam, lakini moyo wenyewe umetikiswa. Takribani wagonjwa 3 kati ya 10 hupatwa na mapigo yasiyo na mpangilio, hasa baina ya siku ya 2 na ya 4. Vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kujikaza, damu ikatuama, na donge likiganda humo likasukumwa hadi ubongoni huleta kiharusi. Ndiyo maana wagonjwa wengi hupewa dawa za kutuliza mapigo kabla na baada ya kupasuliwa, na baadhi yao, mapigo yakizidi kwenda mrama, hupewa warfarini ili damu isigande. Kuziacha ni uamuzi wa daktari.

Na warfarini ina mshindani pale pale sokoni. Sukuma wiki imejaa vitamini K, ambayo huipunguzia dawa hiyo nguvu. Mgonjwa haambiwi aache mboga (nani ataweza, kwa bei hizi za nyama?), bali ale kiasi kilekile kila juma, na damu yake ipimwe mara kwa mara. Akiacha sukuma ghafla, huenda akatokwa na damu; akiizidisha, hatari ya donge hurudi.

Walimu wenzangu, tunachora moyo ubaoni kwa chaki nyekundu na buluu, lakini ni wanafunzi wangapi wawezao kuweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, wakahesabu mapigo dakika nzima? Kazi hiyo haihitaji maabara. Si wingi tu unaotafutwa. Mapigo yakirukaruka bila utaratibu, mgonjwa apelekwe hospitali akachunguzwe.

Nilimshika rafiki yangu mkono pale pale, wanunuzi wakitukodolea macho. Mapigo yalikwenda sawa, ingawa ya leo si dhamana ya kesho, nami nikamsihi arudi kliniki. Binti yake, mwanafunzi wa sekondari, alitazama. Siku hizi ndiye ampimaye babake kila jioni, na hesabu huiandika nyuma ya daftari lake la Bayolojia.