Kitambi si umri

Jamani, hili limenikera. Kila nikifika nyumbani Makueni, wajomba waliopita miaka 40 hupapasa vitambi vyao na kuniambia, "Ni umri, mwanangu. Nawe utafika." Nakataa.

Sisi waandishi wa programu tuna kanuni: programu ikikwama, usiilaumu kompyuta kabla hujakagua ulichoandika mwenyewe. Haya, tukague. Mwaka 2021 Herman Pontzer na wenzake walichapisha katika jarida la Science vipimo vya watu zaidi ya 6,000 kutoka nchi 29. Ukizingatia ukubwa wa mwili, nishati unayotumia kwa siku haipungui kati ya miaka 20 na 60. Mashine ni ile ile. Kilichobadilika ni matumizi.

Baba zetu walienda sokoni kwa miguu, wakarudi kula muthokoi. Leo, iwe Wote au Kitui mjini, mwanamume anapanda boda boda kwa mwendo wa dakika kumi, ashushwe mlangoni pa nyama choma na bia. Halafu alaumu siku aliyozaliwa!

Sijitoi lawamani. Nina miaka 28, nakaa kitini masaa kumi kwa siku, na mwaka huu mshipi umesogea matundu mawili. Mjomba wangu mmoja sasa anameza dawa za kisukari. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea haraka kunahesabika. Hizo ni kama dakika 22 kwa siku. Barabara haina ada. Kesho boda boda ikikupigia honi, ipungie mkono ipite.