Siku arobaini za kula kwanza



Katika mikutano yetu kuna maneno mawili yanayorudi kila mara tunapogusa chakula cha mama aliyezaa. Wa kwanza wanasema: «Mambo ya babibi hayo, munganga alishatoa dawa, inatosha.» Wa pili wanaonyesha duka la Muhindi pale Lubumbashi ao Bukavu, wanasema: «Muangalie Wahindi! Wao njo wanajua. Kila kitu wanachomupa muzazi ni dawa. Sisi tuko nyuma tu.» Sisi hatukubali wa kwanza, na wa pili vilevile hatuwakubali. Tuingie basi mu jikoni la Wahindi wenyewe, tuone kitu gani kiko mu chungu, na ni nani anakula.

India ni inchi kubwa, kila jimbo lina chungu chake. Kule Punjab wanapika panjiri: unga wa ngano unakaangwa mu samli, wanatia sukari, lozi, na gundi ya mti ambayo ikiingia mu samli ya moto inavimba sawa bisi. Maharashtra wanafinyanga laddu, mabonge ya mviringo ya mbegu za aliv, nazi na sukari guru. Kerala wanatoa uji wa muchele na uwatu. Karibu kila mahali utakuta tangawizi kavu, kitunguu saumu, na mayi iliyochemka na mbegu za ajwain. Juu ya nini? Wazee wao wanasema: kuzaa kumetoa joto, mama amebaki baridi, moto wa tumbo lake umepungua, apewe basi vitu vya moto, vyenye mafuta, vinavyosagika vizuri. Vitabu vya kale vya Ayurveda, vile vya Charaka na Sushruta, vinamwita mama huyo sutika na kumuwekea masharti yake peke yake. Familia nyingi zinahesabu siku arobaini, sawa vile Waswahili wa pwani na arobaini yao.

Hapa tunawatetea bila haya. Mama anayenyonyesha anahitaji karibu kalori 500 zaidi kila siku. Panjiri ina mafuta, unga na lozi, haiharibiki upesi, na inalika na mukono moja wakati mukono mwingine umebeba mtoto. Mbegu za aliv zina madini ya chuma mingi. Na tena, katika majimbo mengi binti anarudi kuzalia kwa mama yake: hateki mayi, hapiki, anapakwa mafuta na kukandwa mwili. Anayeita hayo ushirikina hajawahi kuamka mara tano usiku na mtoto.

Lakini tusifunge jicho moja. Mukono uleule unaotoa laddu unanyanganya sahani nyingine. Katika sehemu nyingi muzazi anakatazwa matunda, maziwa ya mgando, mboga fulani na dengu, eti ni vya baridi ao vitamuletea mtoto gazi. Kuna mahali anapimiwa hata mayi ya kunywa, na yeye ndiye anatoa maziwa! Kuna mahali maziwa ya kwanza, yale ya manjano, yanamwagwa, na mtoto anapakwa asali mu kinywa. Hiyo hatuitetei hata kidogo. Maziwa yale njo kinga ya kwanza ya mtoto. Asali kwa mtoto ambaye hajafikisha mwaka inaweza kuwa sumu. Hata uwatu, sifa zake za kuongeza maziwa zinapita ushahidi wake. Kinacholeta maziwa ni mtoto kunyonya mara kwa mara.

Uchunguzi mkubwa wa taifa la India wa miaka 2019-2021 ulikuta kwamba wanawake 57 kwa 100, wenye umri wa miaka 15 mpaka 49, wamepungukiwa damu. Ulikuta pia kwamba karibu batoto 42 tu kwa 100 waliwekwa kwenye ziwa mu saa ya kwanza, hata kama karibu kuzaa 89 kwa 100 kulikuwa mu hospitali na vituo vya afya. Basi wale wanaosema «munganga anatosha» wasome hesabu hiyo mara mbili. Mila ina kosa, na hospitali ina kosa.

Sasa tufike penye uchungu. Katika nyumba nyingi za kaskazini mwa India, mwanamke anakula nyuma ya wote: wanaume kwanza, batoto, kisha yeye na kile kilichobaki. Akizaa, kwa siku arobaini anakula kwanza. Siku ya arobaini na moja anarudi mwisho wa mustari. Ni damu gani inajengwa vile? Na kuna vijiji, Haryana na Rajasthan, ambako mama wa mtoto mwanaume anapewa samli mingi kupita mama wa binti. Tunauliza: kama samli ni dawa ya mgongo, mgongo wa aliyezaa binti hauumi? Hapo samli si dawa tena, ni mshahara.

Na wenye feza wanafanya nini? Wanauza panjiri mu maboksi mazuri, wanaiita mila. Mama wa kibarua anarudi kubeba matofali mbele ya arobaini kuisha. Sheria ya chakula ya mwaka 2013 ilimuahidi mama wa India chakula cha bure tangu mimba mpaka miezi sita baada ya kuzaa, pamoja na rupia zisizopungua 6000. Mpango ulioanza mwaka 2017 ukatoa 5000, kwa mtoto wa kwanza tu. Tangu 2022 wa pili naye akaongezwa, akiwa binti. Mila bila chakula ni wimbo tu.

Turudi kwetu. Babibi zetu wa Kivu, wengi walikatazwa kuku na yai, na wanaume wakavila kwa raha. Hayo tuliyaita heshima. Leo kuna mwanaume anayenunua uwatu kwa Muhindi kwa bei kali, kisha siku ya tano muke wake yuko njiani na bidon ya mayi mgongoni. Huyo ameiga kiungo, ameacha mila.

Tunasema hivi. Uji wa mtama, sombe na karanga, supu ya moto: tuko navyo, vinatosha, tusione haya. Kwa Wahindi tuchukue kitu kimoja: mtu mwingine apike, mtu mwingine ateke mayi, na mama ale kwanza. Makatazo yao tuwaachie, na yetu tuyazike. Tena binti ao mwanaume, chungu kiwe kilekile. Na siku ya arobaini na moja, mama asirudishwe mwisho wa mustari.

Anayesema hiyo si mila yetu, atuambie: mila ya nani inataka mama abaki na njaa?