Kaa goli, na usione aibu

Huku kwetu Magwagwa mtu hachagui kuwa kipa. Anawekwa. Timu zikigawanywa, wenye mbio wanaenda mbele, mwenye mpira anacheza namba yoyote anayotaka, halafu yule aliyebaki, mara nyingi mnono kidogo ama mdogo wa mtu aliyekuja tu kuangalia, anaambiwa "wewe kaa goli." Akifungwa matatu anatukanwa mpaka anaona heri angebaki nyumbani kuchuna majani chai. Kesho yake anawekwa mwingine.

Wasee, tunatupa kazi nzuri kuliko zote kwa mpira. Ndiyo, nzuri hata kuliko hiyo namba tisa nyote mnapigania.

Straika akifika miaka 32 watu washaanza kumuuliza anastaafu lini. Sasa mcheki Edwin van der Sar, yule Mholanzi. Juventus walimtoa Ajax, wakakaa naye miaka miwili, wakamleta Buffon, yeye akaishia Fulham. Wengi wangesema jamaa ameisha. Manchester United wakamchukua 2005 akiwa na miaka 34. Mwaka wa 2008 kule Moscow akazuia penalti ya Anelka na kombe la Ulaya likaenda kwao. Msimu uliofuata alipitisha dakika 1,300 za ligi bila kuokota mpira wavuni. Aliacha 2011 akiwa na 40. (Mashabiki wa Arsenal, poleni, mfano ni mfano.)

Najua mtasema huyo ni wa Uholanzi, kwao kuna akademia kila kona. Haya, twende hapa Uganda. Denis Onyango alitoka SC Villa, akapita St. George ya Ethiopia, kisha Afrika Kusini. Huko hakupewa goli kwa sababu ya jina. Alizunguka timu, na hata baada ya kuingia Mamelodi Sundowns alikaa nyuma ya wengine, akatumwa kwa mkopo Bidvest Wits, akarudi. Mwaka wa 2016 Sundowns wakabeba Ligi ya Mabingwa Afrika yeye akiwa golini. Mwaka huohuo Uganda wakafuzu AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1978. Januari 2017 akatajwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wanaocheza barani, na hakuna kipa aliyekuwa ameipata hiyo tuzo kabla yake. Alikuwa na miaka 31. Hapa mtaani kijana wa 22 asiyeitwa na klabu yoyote washamwambia aende atafute bodaboda.

Sisi pia tuna wetu. Arnold Origi alikaa Norway miaka mingi, Lillestrøm ikiwa moja ya timu zake, akidakia watu ambao hawajui hata Nakuru iko upande gani.

Lakini sitawadanganya. Goli ni moja na kipa wa pili hapewi dakika za huruma jinsi winga hupewa mechi ikibaki dakika kumi. Unaweza kaa benchi msimu mzima, unafanya mazoezi kama wengine, Jumamosi unavaa jezi safi na unaivua ikiwa bado safi. Hiyo inauma, na ndiyo sababu vijana wengi wenye mikono mizuri huacha. Kosa la straika linasahaulika kabla ya mapumziko. Kosa lako linaimbwa mpaka Keroka.

Na mashabiki hatusaidii. Kumbukeni CHAN ya Agosti 2025. Kenya tuliwekwa kundi moja na Morocco, DR Congo, Angola na Zambia, tukafungwa bao moja tu kwa mechi nne. Bao moja! Dhidi ya Morocco tulibaki kumi baada ya Erambo kuonyeshwa kadi nyekundu, na kipindi chote cha pili Byrne Omondi akalinda lile bao la Ryan Ogam. Ogam akaenda zake Austria, na alistahili. Lakini uliza mtu sokoni Magwagwa nani alikuwa golini siku hiyo uone kama hatakuna kichwa kwanza.

Sisi wa Tore Bobe ndio kabisa. Shabana walikaa nje ya ligi kuu miaka 17 mpaka 2023, tukaapa kuwavumilia kwa lolote, lakini kipa akiachilia krosi moja pale Gusii Stadium, manze, utasikia matusi ambayo hata babu yako hajui.

Hizi mashindano za wadi zinazoletwa kila likizo, mdhamini anatoa mpira, jezi seti mbili na mbuzi. Mfungaji bora anapigwa picha. Kipa anadaka mikono mitupu kwa uwanja wenye mawe, na mvua ya huku mnaijua. Pesa ya mbuzi ingenunua glavu za makipa wote wanne wa nusu fainali na chenji ibaki. Kwa hivyo mkiitwa kwa kikao cha kupanga ile ya Desemba, mtu asimame aulize glavu ziko wapi. Mbuzi tutakula Krismasi.