BAHATI SI BARAKA

Kila bei ya kahawa inapopanda, wakulima wa Old Moshi, katika miteremko ya Kilimanjaro, huambiwa kwamba wamepata bahati. Neno hilo si la uongo, lakini halitoshi; na likitumiwa ovyo hupotosha mipango.

Lugha yetu haikutupa maneno mengi bure. Bahati, au nasibu, humjia mtu bila kuitolea jasho. Neema ni wingi wa riziki: mvua kunyesha kwa wakati na ghala kujaa. Heri ni wema na salama, ndiyo maana twaagana kwayo. Ndugu zetu wa Visiwani wanazo pia jaha na sudi. Lakini baraka ni kile hata kiwe kidogo, kinachodumu na kuzaa kingine.

Mwezi wa Julai 1975 sakitu iliunguza mibuni ya Brazil. Bei ikapanda duniani hata ikafika kilele mwaka 1977, kisha ikaporomoka. Ukame wa huko huko ukaipandisha tena, na kufikia mwanzoni mwa 2025 ilikuwa imekipita kilele kile. Hiyo ndiyo bahati: msiba wa mwingine uliogeuka faida kwetu.

Visiwani wanalijua jambo hili. Tufani ya mwaka 1872 iliiangusha mikarafuu ya Unguja, ikainusuru ya Pemba, na Pemba ikashika uongozi wa zao hilo. Bahati iliinusuru mikarafuu, haikuipanda. Iliyoipanda ni mikono ya watu, wengi wao watumwa.

Vivyo hivyo mifereji ya Old Moshi. Wazee waliichimba na kuizibua kwa pamoja, wakayaleta maji ya mlimani hadi migombani. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na ushirika wao, KNCU, mwaka 1933. Kuyaita hayo bahati ni kuwadhulumu waliotoka jasho.

Wahenga walisema: bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi. Basi viongozi wasipange maendeleo ya wananchi kwa kutegemea sakitu ya Brazil. Fedha za bei nzuri zipande mibuni mipya na kuzibua mifereji, nasi wakulima tusizimalize kwa msimu mmoja. Hapo ndipo bahati itakapogeuka baraka.